Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Miche Yetu ya Mikoko Inakufa?

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu kilipanda miche ya mkoko kwenye uwanja wa tope ulio wazi mbele ya msitu, lakini baada ya miezi michache karibu yote ilikuwa imekauka au kung'olewa na mawimbi. Tumekosea wapi? Na je, kukata boriti chache za kujengea kunadhuru msitu?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Ndugu Msomaji, tunashuku mahali penyewe. Tope lisilowahi kuota mti huwa na sababu yake: ama maji hukaa juu yake muda mrefu mno, ama mawimbi hulipiga moja kwa moja, na mche hauwahi kushika mizizi. Tena miti ya mikoko ni ya aina kadhaa, na kila aina ina mahali pake. Mlilana ndio unaosimama mbele kabisa kuelekea bahari. Mkoko wenyewe, mlioupanda ninyi, hupenda tope laini la katikati na kandokando ya vijito. Mkandaa huota nyuma yake. Na mchu huvumilia chumvi ya upande wa bara, hata pale panapofikiwa na maji ya bamvua pekee, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Vikundi vingi hupanda mkoko kila mahali kwa kuwa mbegu yake ndefu huanza kuota ingali mtini, na huchomekwa topeni bila kuhitaji kitalu. Urahisi huo, kwa maoni yetu, umepoteza jasho la watu wengi.

Mkipanda tena, chagueni mahali palipokatwa msitu, na mtazame visiki vilivyobaki ni vya mti gani. Mkikuta barabara au tuta la mashamba ya chumvi limeziba njia ya maji, shughulikieni hilo kwanza, kwani maji yakirudi, mbegu nyingi huletwa na bahari yenyewe. Tazameni pia udongo unaoshuka kutoka bara. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilijaza udongo katika hori ya Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia, na miti ikafa ikiwa imesimama. Huko Gazi, Kwale, ambako upandaji ulianza miaka ya 1990, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu wao, na kugharimia maji na shule.

Kuhusu boriti, kwanza pateni kibali cha mamlaka ya misitu. Madhara hutokea zaidi pale wakataji wote wanapofuata miti iliyonyooka ya unene mmoja, wakaacha iliyopinda peke yake. Tena mchu ukikatwa huchipua kisikini, ilhali mkoko uliokomaa kwa kawaida hauchipui, kwa hiyo kila boriti ya mkoko huacha pengo linalongoja mche mpya.