Druidi akijigeuza, anaacha nini? Kwa mnaoanza kuendesha meza

Wadogo zangu, nimekuwa nikikaa pembeni ya meza zenu nikiwatazama mnavyoendesha Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza wahusika kwa kete, na kuna jambo linanikera kwa sababu nawapenda. Kampeni mpya, yaani hadithi ya vikao vingi, ikifika leveli 2, druidi (mchawi wa maumbile anayeweza kugeuka mnyama) anachagua Duara la Mwezi, tawi la druidi wanaopigana wakiwa wanyama, anajigeuza fisi mkubwa, anamaliza pango zima, na mpiganaji anabaki ameshika upanga akingoja zamu. Kesho yake mwendeshaji ananifuata mbio: "Kaka, nimpunguzie nini?" Hilo si swali la kuanza nalo. Anzeni na hili: akiingia kwenye umbo la mnyama, anaacha nini?

1. Pigeni hesabu kabla ya kukasirika.

Chukueni toleo la tano la Dungeons & Dragons, sheria za 2014, ambazo bado ziko kwenye meza zenu nyingi. Druidi wa leveli 2 mwenye Ustahimilivu 14 ana uhai 17, yaani anaanguka madhara yakifika 17. Fisi mkubwa ana uhai 45 na kinga 12 (namba ambayo adui lazima aifikie ili ampige), na kwa kuwa kiwango chake cha ugumu, kipimo cha ukali wa kiumbe, ni 1, druidi wa Mwezi anaruhusiwa kumchukua tangu leveli hiyo hiyo. Anajigeuza mara mbili, na mapumziko mafupi ya saa moja yanamrudishia zote mbili. Jumla ni 107. Mpiganaji mwenye Ustahimilivu 16 ana 22. Juu ya hayo, fisi akimwangusha adui kwa meno katika zamu yake, anapata kitendo cha ziada cha kusogea nusu ya mwendo wake na kung'ata tena.

Kwenye vitabu vya Wamarekani kila mtu anamsifu dubu wa kahawia, mwenye uhai 34. Wachezaji wetu wanakwenda kwa fisi, nami nawaelewa. Tumekua tukisikia habari za wachawi wanaopanda fisi usiku. Dubu tumemwona kwenye picha. Mtu akiniambia mhusika wake anageuka fisi, sihitaji maelezo, nywele zimeshanisimama. Kwa hiyo msimkataze. Jueni tu mnachokiruhusu, na kumbukeni kwamba madhara yanayozidi uhai wa fisi yanamwingia druidi mwenyewe, sheria ambayo meza nyingi zinaisahau.

2. Msikate sheria katikati ya kampeni kwa sababu mtu mmoja amenuna.

Hili lilinigharimu mchezaji, na nitalieleza lote. Niliendesha kampeni ya watu wanne sebuleni kwa rafiki yangu: mpiganaji, mwizi, kasisi na druidi wa Mwezi. Druidi alichezwa na binti mkimya ambaye hakuwahi kushika kete kabla ya hapo, na yule fisi alimfungua mdomo. Akijigeuza alikuwa anasimama kabisa, anatoa kile kicheko, watoto wa mwenye nyumba wanakuja kuchungulia mlangoni. Kufika leveli 3 mpiganaji akaanza kununa. Akanivuta nje tukisubiri chai, akaniambia haoni faida ya kuvaa deraya ikiwa mwenzake anauawa mara mbili na bado ni mzima kuliko yeye. Alikuwa na haki. Nikaamua palepale, bila kumshirikisha binti: uhai wa kila umbo ukatwe nusu, na kujigeuza kuwe mara moja kwa kila mapumziko. Nikatangaza mbele ya wote kikao kilipoanza. Akasema, "Sawa kaka," akachukua kifutio akafuta zile namba, akafuta mpaka karatasi ikachubuka.

Baada ya vikao vichache wakafika leveli 5. Mpiganaji akapata shambulio la pili. Kasisi akapata uchawi wa leveli ya 3, maana uchawi una leveli zake. Na fisi je? Sheria inamfungia druidi wa Mwezi kwenye wanyama wa kiwango cha ugumu 1 mpaka leveli 6. Bado anang'ata mara moja kwa zamu, madhara ya kete mbili za nyuso sita na 3 juu yake, na maadui wa leveli ile wanapiga kwa nguvu kiasi kwamba uhai 22 niliomwachia ulikuwa unaisha ndani ya raundi. Kwenye karatasi druidi naye alikuwa amepata uchawi wa leveli ya 3, tena mzuri, lakini yule binti hakuja mezani kuwa mchawi. Alikuja kuwa fisi. Akaanza kusema "napita" zamu yake ikifika. Akaanza kuchelewa. Kisha kila Jumamosi ikawa na udhuru, na nilipompigia aliniambia ana mitihani, kwa upole uleule wa "Sawa kaka". Hakurudi, kwetu wala kwenye meza nyingine ninayoijua.

Jambo nililolikata lilikuwa la leveli tatu za mwanzo tu. Ningelifungua kitabu na kusoma jedwali la leveli 5 na 6, ningeliona kwamba mpiganaji anakaribia kumpita bila msaada wangu. Na kwa muda huo mfupi dawa ilikuwepo, haigusi karatasi ya mtu: mapambano mengi zaidi kabla ya mapumziko. Mara mbili za kujigeuza zikigawanywa kwa mapambano manne, druidi anaanza kuchagua, na mpiganaji, ambaye upanga wake hauishi, anapata nafasi yake. Kwa hiyo tafadhali, someni leveli tatu mbele kabla ya kushika kalamu.

3. Mbadala mzuri umeandika bei yake.

Hapa ndipo mnaponichosha kuliko pote, mnaniletea mbadala wa sheria za kitabuni, druidi wa wadudu na renja (mpiganaji wa porini) anayegeuka chui mliojitungia wenyewe, ukurasa mzima wa zawadi. Angalieni waliowatangulia. Katika toleo la 3.5, la 2003, druidi alianza kujigeuza leveli 5, na leveli 6 akachukua kipaji cha Natural Spell, hapo akawa anafanya uchawi akiwa dubu, huku mnyama mwenza wake anang'ata upande wa pili. Nguvu na wepesi wa umbo la mnyama vilifuta vya kwake, basi mchezaji mjanja alitupa namba mbovu huko na kurundika nzuri kwenye Hekima. Hakuacha chochote. Mpiganaji wa toleo lile nilimwonea huruma.

Mwaka 2006 kikaja kitabu cha Player's Handbook II na druidi mbadala. Huyu anajigeuza tangu leveli 1, upesi, mara nyingi apendavyo. Lakini mnyama mwenza hana, na uchawi haufanyi akiwa kwenye umbo. Hachagui mnyama kwenye kitabu cha viumbe. Anapewa maumbo machache yaliyopangwa, la kwanza likimwongezea 4 kwenye Nguvu na 4 kwenye kinga ya ngozi. Mchezaji anapata anachokitamani zaidi, yaani kugeuka muda wote, na anakilipia kwa mambo mawili yaliyokuwa yakiua meza. Mpaka leo sijaona mbadala wa kujigeuza uliopimwa vizuri kuliko huo. Hata renja wa kitabu cha Unearthed Arcana cha 2004 alipopewa kujigeuza alinyang'anywa mtindo wake wa kupigana.

Toleo la nne, druidi alipoingia 2009, lilifanya umbo la mnyama lisibadili namba zozote, libadili tu mashambulizi unayoruhusiwa. Mizani ilikaa sawa, lakini mimi ilinikosesha ladha: panya na chui wakipiga sawa, nageuka wa nini? Sheria za 2024 zimekaa katikati. Druidi anabaki na uhai wake mwenyewe, na yule wa Mwezi anaongezewa uhai wa muda mara tatu ya leveli yake, yaani 9 akiwa leveli 3. Yale mabegi mawili ya uhai 45 hayapo tena, na kinga yake ni 13 pamoja na Hekima ikiwa ya mnyama iko chini ya hapo. Fisi ni fisi, na mpiganaji bado ana kazi.

Mkiletewa mbadala, mwambieni aliyeutunga aandike safu mbili, anachopata na anachoacha. Safu ya pili ikiwa na vitu ambavyo asingevitumia hata hivyo, mrudishieni.

4. Kadi.

Druidi aje na kadi za wanyama wake zimeshaandikwa, na wawe wanyama ambao mhusika amewahi kuwaona. Asiye na kadi hageuki siku hiyo.

5. Linda kazi ya mwizi.

Mnahangaika na uhai, kumbe wizi mkubwa unafanyika kimya. Kwa sheria za 2014 druidi wa leveli 4 anakaa kwenye umbo la panya au buibui saa mbili. Anapita chini ya mlango, anazunguka ngome nzima peke yake, nanyi mnamsimulia chumba kwa chumba nusu ya kikao huku wengine wanne wakichezea simu. Mwizi alitumia ujuzi wake wote kwenye kunyata. Amefanya hivyo ili awe wa kwanza kuingia, na sasa ameingiliwa na panya.

Msimzuie druidi. Mpeni anachoweza kupata panya: harufu ya damu, sauti za walinzi, idadi ya viatu chini ya meza. Halafu mwisho wa tundu lake wekeni mlango wa chuma wenye kufuli, na ufunguo ukutani, mzito kuliko panya.