Nyufa zangu zinaonekana za bandia

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Navutiwa sana na kuta zilizobabuka rangi, milango mikuukuu na mabati yenye kutu, na hivyo ndivyo vinavyonipa picha zangu za dhahania. Napaka plasta nzito kwenye kanvasi, nachora nyufa kwa brashi, kisha napitisha rangi ya kahawia. Kazi inaonekana ya bandia, na plasta yenyewe inadondoka vipande vipande. Nifanyeje?
Mchoraji chipukizi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la kudondoka ni jepesi. Kanvasi inanesa, plasta kavu hainesi. Hamia kwenye plaiwudi. Ikwaruze kwa msasa, ipake gundi nyeupe iliyozimuliwa, na plasta yako uichanganye na gundi hiyohiyo badala ya maji matupu. Kila tabaka lisizidi milimita 3, na likauke kabisa kabla hujaongeza jingine.

Sasa hizo nyufa. Kasimame mbele ya mlango wa zamani, utazame karibu na kitasa. Viganja vimekula rangi ya juu, ya chini yake imejitokeza, na katikati kabisa mbao iko wazi, inang'aa kwa mafuta ya mikono. Kila rangi imeacha ukingo wake, mwembamba kama ukucha. Ukipitisha kidole unausikia. Ukingo ule hauchoreki kwa brashi hata uwe fundi wa namna gani. Lazima kweli kuwe na rangi juu ya rangi, na kitu kije kuiondoa.

Kwa hiyo tumia mshumaa. Paka rangi ya kwanza ya akriliki, iache ikauke, halafu sugua mshumaa pale tu ambapo mkono au mvua ingepiga. Paka rangi ya pili, nzito kidogo. Ikikauka, ikwangue kwa kisu butu: penye nta itabanduka na ukingo utaupata. Ongeza ya tatu ukitaka, lakini futa nta iliyobaki kwanza, maana rangi haishiki juu yake.

Nyufa nazo ziache zijitokeze zenyewe. Msanii Mwitaliano Alberto Burri, katika miaka ya 1970, alipaka mchanganyiko mzito wa kaolini (udongo mweupe laini) na gundi juu ya ubao mgumu, akauacha upasuke kadiri ulivyokauka. Unene ndio uliompa nyufa, gundi ikashikilia vipande. Ukitaka nyufa sehemu fulani, hapo ndipo uvuke zile milimita 3, kwa makusudi.

Kuhusu kutu, hiyo kahawia moja iweke kando. Kutu ina rangi ya chungwa, nyekundu iliyoungua na weusi, na kwenye bati huanzia penye msumari ikatiririka kwenda chini. Simamisha ubao wima, weka tone la rangi nyepesi, linyunyizie maji, uliache lishuke lenyewe.

Mwisho paka vanishi isiyong'aa. Ile inayong'aa itarudisha mwanga machoni, na mikwaruzo uliyoihangaikia haitaonekana vizuri.