Dreamweaver haioni majedwali na ukurasa umekuwa mweupe: hizo ni njia mbili tofauti

Mkuu, nimesoma maelezo yako na majibu ya waliotangulia. Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta uzi ana tovuti ya ushirika wa wakulima iliyotengenezwa kwa Dreamweaver CS6, programu ya Adobe ya kutengeneza tovuti, inatumia PHP (lugha inayoendesha kurasa kwenye seva) na MySQL (kanzidata). Kwenye kompyuta yake, ndani ya XAMPP (programu inayoigeuza kompyuta kuwa seva), kila kitu kinakwenda vizuri. Kampuni inayomhifadhia tovuti imehamishia wateja wake kwenye seva mpya, na tangu hapo ukurasa wa wanachama unatoka mweupe. Akaielekeza seva ya majaribio (mahali Dreamweaver inapojaribia kurasa) huko huko kwenye seva mpya, akafungua paneli ya Databases inayoorodhesha majedwali, hakuna jedwali hata moja. Anachokipata ni kosa la 404 (kilichoombwa hakikupatikana) linalotaja faili la MMHTTPDB.php. Ameshauriwa aifute programu na kuisakinisha upya.

Usiifute. Hutapata chochote zaidi ya kupoteza mipangilio yako ya tovuti. Nimezilea tovuti za namna hii kwa miaka mingi, za shule, za maduka ya pembejeo, za vikundi vya kuweka na kukopa, na sijaona hata moja iliyopona kwa kusakinisha upya Dreamweaver. Ugonjwa karibu kila mara uko kwenye seva au kwenye msimbo.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi wanapofundishwa programu hii ni kwamba paneli ile haizungumzi na MySQL moja kwa moja. Dreamweaver inapandisha folda iitwayo _mmServerScripts kwenye seva ya majaribio, na ndani yake ndimo limo faili la MMHTTPDB.php. Ukibofya jina la unganisho, faili hilo hutumwa kama tarishi: linakabidhiwa jina la mtumiaji, nenosiri na swali, linakwenda kwa MySQL, linarudi na orodha ya majedwali. Ukurasa wako wa wanachama hauna habari na tarishi huyo. Wenyewe unasoma faili lililomo kwenye folda ya Connections na kwenda kwa MySQL kwa miguu yake. Kwa hiyo zipo njia mbili, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki hai. Watu wanahangaika kwa wiki nzima kwa sababu wanarekebisha njia hii huku kosa wanalisoma kwenye njia ile.

Anza na njia ya ukurasa, maana ndiyo wanayoitegemea wanachama wa ushirika. Paneli inaweza kusubiri.

Weka Dreamweaver kando kabisa. Fungua Notepad au kihariri chochote, andika faili dogo hili, lipandishe kwenye seva kwa jina lisilokisiwa kirahisi, kisha lifungue kwenye kivinjari:

<?php
mysqli_report(MYSQLI_REPORT_OFF);
echo phpversion(), "
";
$k = mysqli_connect("localhost", "mtumiaji", "nenosiri", "kanzidata");
echo $k ? "imeunganika" : mysqli_connect_errno();

Ukishasoma jibu, lifute hapo hapo. Faili hilo linakupa mambo mawili: toleo la PHP, na namba ya kosa kama lipo. Namba hizo zina thamani kuliko maelezo marefu. 1045 maana yake jina la mtumiaji au nenosiri halikubaliki. 1044 ni tofauti, ingawa watu huzichanganya: MySQL imekutambua, ila huna ruhusa na kanzidata hiyo. Kwenye cPanel (paneli ya kusimamia akaunti yako kwenye seva) hili hutokea sana, kwa sababu kuunda kanzidata na kuunda mtumiaji ni hatua mbili, na ya tatu ni kumwongeza mtumiaji huyo kwenye kanzidata na kumpa ruhusa. Wanaohamisha tovuti huiruka hiyo ya tatu. 1049 ni kwamba kanzidata ya jina hilo haipo. Kumbuka cPanel hutanguliza jina la akaunti yako, kwa hiyo ile uliyoiita ushirika jina lake kamili ni akaunti_ushirika. 2002 ni kwamba seva ya MySQL haikufikiwa kabisa. Hapo waulize kampuni jina sahihi la kuandika mahali pa localhost, kwani wengine huweka MySQL kwenye mashine nyingine.

Lakini kwa dalili ulizozitaja, mkuu, dau langu naliweka kwenye toleo la PHP. Fungua faili lililomo kwenye folda ya Connections. Utaona mistari minne ya juu yenye jina la seva, kanzidata, mtumiaji na nenosiri, na chini yake mstari unaoita mysql_pconnect. Huo ndio mstari unaoua ukurasa. CS6 ilitoka mwaka 2012, wakati amri za PHP zinazoanza na mysql_ zilikuwa bado zinatumika kila mahali. Mwaka uliofuata PHP 5.5 ikaanza kuonya kwamba kundi hilo la amri linaachwa, na PHP 7.0 ya Desemba 2015 ikaliondoa moja kwa moja. Mwaka huo huo wa 2013 Adobe nao waliziondoa paneli za kanzidata kwenye Dreamweaver CC, zikabaki kama kiendelezi cha kujiwekea mwenyewe. Kwenye XAMPP yako ya zamani PHP ni ya enzi za CS6, ndiyo maana nyumbani kunakwenda. Seva mpya haiijui mysql_pconnect, inasimama pale pale, na kwa kuwa seva za umma huzima kuonyesha makosa, wewe unaona weupe mtupu. Tazama faili la error_log kwenye folda ya tovuti. Likisema mysql_pconnect haijulikani, umemaliza uchunguzi.

Wengi hapa watakwambia uombe kampuni ikurudishie PHP 5.6. Cpanel nyingi zina sehemu ya kuchagua toleo, na kwa siku chache za mpito sioni ubaya. Ila marekebisho ya usalama ya 5.6 yalikoma mwisho wa Desemba 2018. Tovuti yenye majina, namba za simu na hisa za wakulima haifai kukaa humo. Itumie kupata nafasi ya kufanya kazi, kisha hama.

Kuhama kwenyewe ndiko kwenye mitego, na hapa naomba usome taratibu.

Usifanye tafuta-na-badilisha ya mysql_ kuwa mysqli_, kundi la amri lililochukua nafasi yake, ukadhani umemaliza. Mpangilio wa hoja, yaani vitu unavyoikabidhi amri, umegeuka. Zamani uliandika mysql_query ukitanguliza swali na kumalizia na unganisho. Sasa mysqli_query inataka unganisho kwanza. Vivyo hivyo kwa mysqli_select_db na mysqli_real_escape_string. Halafu kuna ile kazi (function) ya GetSQLValueString ambayo Dreamweaver huibandika juu ya kila ukurasa wenye fomu. Ndani yake kuna kuchuja alama hatari, na sasa uchujaji huo unahitaji unganisho, wakati unganisho lako liko nje ya kazi hiyo na halionekani ndani. Lazima ulitangaze kwa global au ulipitishe kama hoja. Kurasa zilizotengenezwa kwa matoleo ya zamani kuliko CS5 huita pia get_magic_quotes_gpc, ambayo PHP 8 imeiondoa, nazo zitasimama hapo hata ukirekebisha mengine yote.

Nimeona watu wakikutana na kosa la uchujaji wakaamua kuufuta ule mstari, na fomu ikapokea rekodi kadhaa bila tatizo. Kisha karani anaandika ng'ombe. Ile alama moja ya juu inafunga maandishi ndani ya SQL (lugha ya maswali ya kanzidata) kabla ya wakati, na inatoka 1064, kosa la SQL iliyoandikwa vibaya. Kwa lugha yetu hili si jambo la nadra: ng'ombe, ng'ambo, majina ya ukoo kibao ya Kanda ya Ziwa. Na mlango ule ule unaovunjwa na ng'ombe ndio anaopitia mtu mwenye nia mbaya kuandika SQL yake ndani ya fomu yako. Ukikutana na 1064 kwenye rekodi yenye alama hiyo, usimwambie karani aandike ngombe. Rekebisha msimbo, na ukiweza tumia PDO (njia nyingine ya PHP ya kuzungumza na kanzidata) au mysqli yenye maswali yaliyoandaliwa, ambapo thamani husafiri mbali na swali lenyewe.

Mtego mwingine ni wa orodha. Shule moja ya sekondari iliniita kwa sababu mwanafunzi wa kwanza kwa alfabeti alikuwa haonekani kwenye orodha ya kila darasa. Kwenye kanzidata alikuwepo, phpMyAdmin (chombo cha kutazama kanzidata kwenye kivinjari) ilimwonyesha, ukurasa ukamruka. Chanzo ni namna Dreamweaver inavyoandika eneo la kurudia, sehemu inayochapisha rekodi moja baada ya nyingine. Juu ya ukurasa inachota rekodi ya kwanza kabisa na kuiweka kwenye kigeu cha row, kisha katikati ya ukurasa inatumia do na while: chapisha uliyonayo, halafu chota nyingine. Fundi aliyehamisha msimbo aliibadilisha ikawa while ya kawaida, inayochota kwanza ndipo ichapishe. Rekodi ya kwanza iliyokwisha kuchotwa juu ikatupwa. Ukitaka kutumia while, ondoa ule uchotaji wa juu. Ukiuacha, iache do kama ilivyo. Na ujue do nayo ina tabia yake: jedwali likiwa tupu, bado inachapisha safu moja isiyo na kitu, kwa hiyo izungushie sharti la kuhesabu rekodi kwanza.

Kwenye ukurasa wa maelezo ya mwanachama mmoja, kama unafunguka lakini hauna data, tafuta mstari wenye "-1". Dreamweaver huweka -1 kama thamani ya kuanzia, kisha huangalia kama kiungo kimebeba namba. Kiungo kikiandika ID kwa herufi kubwa na ukurasa ukatafuta id kwa ndogo, haioni kitu, inabaki na -1, na hakuna mwanachama mwenye namba hiyo. Hakuna kosa litakaloandikwa popote. Herufi kubwa na ndogo zinasumbua pia kwenye majina ya majedwali: Windows haijali, Linux inajali. Wanachama na wanachama kwenye XAMPP ni jedwali moja, kwenye seva utapata 1146, yaani jedwali halipo.

Fomu ya kusajili ikikataa kwenye seva mpya wakati nyumbani inapokea, tazama toleo la MySQL. Kuanzia 5.7 ukali wa kukagua data (strict mode) umewashwa tangu mwanzo. Tarehe iliyoachwa wazi, ambayo zamani ilimezwa kimya kimya ikawa sifuri tupu, sasa inarudishwa na kosa. Jibu zuri ni kuamua kwa kila safuwima kama inaruhusu kukosa thamani, kisha kuiandika hivyo kwenye jedwali. Kuzima ukali ni kurudisha data chafu.

Sasa ile 404 ya paneli. Mara nyingi ni kwamba folda uliyoiandika kwenye mipangilio ya seva ya majaribio na anwani ya wavuti uliyoandika pembeni yake hazielekezi mahali pamoja. Kama mafaili yanakwenda public_html/ushirika, anwani lazima iishie na /ushirika/. Andika mwenyewe kwenye kivinjari anwani kamili hadi _mmServerScripts/MMHTTPDB.php. Ukipata 404, folda haipo au anwani si yenyewe. Ukipata 403, seva inaizuia kwa usalama. Ukipelekwa ukurasa wa mwanzo wa tovuti, kuna sheria kwenye .htaccess (faili la maagizo ya seva) inayogeuza kila anwani, na paneli itabaki tupu kwa sababu inapokea kurasa badala ya orodha iliyoitarajia.

Lakini ushauri wangu wa dhati ni usiihangaikie kwenye seva ya umma. Faili linalopokea nenosiri la kanzidata na SQL kutoka mtandaoni halipaswi kukaa mahali ambapo dunia nzima inafika. Irudishe seva ya majaribio kwenye XAMPP, paneli ifanye kazi huko, na kwenye seva ya umma uifute folda nzima ya _mmServerScripts. Fanya hivyo leo, hata kabla ya kugusa mysql_. Dreamweaver yenyewe ina amri ya kuyaondoa mafaili hayo kwenye menyu ya Site, chini ya Advanced.

Ukishaandika msimbo upya kwa mkono, paneli ya Server Behaviors, inayoorodhesha msimbo ulioandikwa na Dreamweaver, itaweka alama nyekundu ya mshangao au haitauona kabisa, kwa sababu inatambua tu maandishi iliyoyaandika yenyewe. Hilo lisikutishe, na usibofye ikurekebishie, maana itarudisha mysql_ mlemle. Endelea kuitumia programu kwa mpangilio wa ukurasa na rangi, kazi inayoifanya vizuri, na masuala ya kanzidata yaweke kwenye faili moja linaloitwa na kurasa zote.

Endesha lile faili dogo kisha utuwekee hapa toleo la PHP, namba ya kosa, na mistari ya mwisho ya error_log. Ukibandika faili la Connections, futa nenosiri kwanza, na jina la mtumiaji pia. Ukiwa na kurasa nyingi zenye GetSQLValueString, weka moja tu, tuihamishe pamoja hapa hapa, nyingine utazifuatisha.