Mkitaka Mama Kevina atangazwe mtakatifu, shikeni daftari kwanza

Mwaka niliochaguliwa katibu wa jumuiya yetu hapa Mumias, bibi mmoja tuliyemwita Kukhu alinishika mkono baada ya rozari. "Mwanangu," akasema, "mimi nilimwona Mama Kevina kwa macho haya." Akiwa msichana alikuwa amesoma kwa masista kule Nkokonjeru, Uganda. Nikamwahidi kwamba Jumamosi nitakwenda kuandika. Jumamosi hiyo mvua ikanyesha, iliyofuata tukawa na harambee, na nilipofika kwake hatimaye nilikuta turubai limefungwa na watu wakikesha matanga. Nimebaki na sentensi ile moja tu.

Ndiyo sababu ninaandika haya. Mama Kevina, sista mmisionari aliyezaliwa Teresa Kearney huko Ireland mwaka 1875, alifika Nsambya, Kampala, mwaka 1903. Enzi zile pande zetu hizi zilikuwa chini ya vikarieti moja (eneo la kimisionari ambalo bado si jimbo) na mashariki ya Uganda, mikononi mwa mapadri wa shirika la Mill Hill. Mwaka 1923 alianzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, hawa hawa wanaofundisha watoto wetu na kutuhudumia zahanati. Alifariki Marekani mwaka 1957, Waganda wakaomba mwili wake urudishwe, akazikwa Nkokonjeru. Sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu, yaani hatua ya kwanza kuelekea utakatifu, na kesi yake ya kutangazwa mtakatifu ilifunguliwa jimbo la Lugazi, Uganda.

Watu wengi wakisikia hivyo hukimbilia miujiza. Mimi nasema anzeni na wazee. Aliyekuwa na miaka kumi alipofariki sasa anakaribia themanini. Ukimfikia, usimwulize kama Mama alikuwa mtakatifu, maana atakujibu ndiyo, na jibu hilo halina uzito. Mwulize aliona nini, wapi, mwaka gani, nani mwingine alikuwepo. Aliyoyaona mwenyewe yaandike mbali na aliyosimuliwa. Andika kwa lugha anayoizungumza, msomee, kisha atie sahihi au kidole gumba. Na akikuambia Mama alikuwa mkali, au siku fulani alimkosea mtu, liandike vilevile! Kanisa hutafuta ushahidi wa pande zote mbili, na anayeficha madoa huwafanya wachunguzi washuku hata mema.

Kuhusu uponyaji, nina kisa kinachoniuma bado. Mtoto wa mama mmoja wa jumuiya yetu aliugua homa ya uti wa mgongo akapona. Tulilia kwa furaha, tukataka kupeleka habari mbele. Lakini mtoto alikuwa amepewa dawa siku zote zile, karatasi za hospitali zilikuwa zimepotea, na sisi wenyewe tulikuwa tumesali novena, sala ya siku tisa, kwa Mtakatifu Yuda Tadei, kwa Mtakatifu Antoni na kwa Mama Kevina kwa wakati mmoja. Nani angesema ni maombezi ya nani? Tulimshukuru Mungu, basi. Kwa hiyo mkiamua kumwomba Mama, mwombeni yeye, na mwandike siku mliyoanza. Tunzeni kila karatasi: vipimo, picha za eksirei, barua ya kuruhusiwa. Daktari haombwi aseme ni muujiza. Yeye aeleze tu ugonjwa ulivyokuwa na kama sayansi yake inaweza kueleza kupona huko.

Msichore duara la nuru kichwani mwake wala kumwekea altare. Sala za binafsi zinaruhusiwa, ibada ya hadhara bado, na kukiuka hilo kunaweza kukwamisha kesi.

Wanaouliza mbona inachelewa, wamtazame Sista Irene Stefani, yule mmisionari wa Gikondi, Nyeri, aliyeitwa Nyaatha, yaani mama wa huruma. Alifariki 1930, akatangazwa Mwenyeheri, hatua ya mwisho kabla ya utakatifu, huko Nyeri mwaka 2015. Muujiza uliokubaliwa ulikuwa wa maji machache kuongezeka katika kisima cha ubatizo huko Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989, waumini walipokuwa wamekwama kanisani wakati wa vita. Kisa kile kilifika Roma kwa sababu watu wa kawaida waliokunywa maji yale walitoa ushahidi wa walichokiona.

Kama una bibi au shangazi aliyesoma kwa masista miaka ile, mwendee wiki hii. Mimi Jumamosi naenda Butere kwa mzee mmoja. Wanawe wameniambia asubuhi ndipo kumbukumbu yake huwa safi, hivyo nitapanda matatu ya kwanza.