Franschhoek siku tatu na mke: nenda, lakini si Juni

Kaka, umeuliza kama Franschhoek, mji wa mashamba ya mvinyo kule Afrika Kusini, inawatosha wewe na shemeji siku tatu mwezi wa sita bila gari. Inatosha. Tatizo ni huo mwezi. Hapa Malindi Juni ni kusi tu na shati jepesi. Kule ni kipupwe, mvua na mizabibu imepukutika majani. Subirini Februari au Machi, zabibu zinavunwa.

Gari la nini? Kutoka Cape Town ni kama saa moja kwa teksi, na mji wenyewe ni barabara moja kuu, mnaumaliza kwa miguu. Mashambani kuna Wine Tram, tramu na mabasi ya watalii: mnashuka shamba hili, mnaonja, mnadandia inayofuata. Msiwe na tamaa ya mashamba sita kwa siku. Matatu, na moja mle chakula cha mchana bila haraka. Mkiona watu wanatema mvinyo kwenye ndoo msishangae, ndio uonjaji wenyewe. (Mimi sikutema hata tone, jioni shemeji yako alinirudisha hotelini kanishika mkono kama mtoto.)

Wako kama hanywi, kuna makumbusho ya Wahuguenot, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa na kufika Rasi ya Tumaini Jema 1688. Ndio maana mji unaitwa Franschhoek, yaani kona ya Wafaransa.

Viza hamhitaji kwa pasipoti ya Kenya. Sweta mbebe hata Machi, usiku wa milimani si wa Pwani.