Kijana amepata kitambulisho: nimdhamini pikipiki au nimwache akope kwenye simu?

Hamjambo nyote. Dada uliyeuliza jana, nimekusoma vizuri. Kijana wako kamaliza kidato cha nne, kitambulisho anacho, na wajomba zake wanakusukuma umdhamini apate pikipiki ya mkopo "ili aanze kujulikana na benki". Mwenyewe naye ameshaanza kukopa kwenye simu, anasema anapandisha limiti, yaani kiwango anachoruhusiwa kukopa. Mimi ningesema pikipiki ingoje, na limiti asiikimbilie. Nakueleza kwa nini, maana hapo nimepita, na sikupita vizuri.

Kabla ya yote niambie: laini anayotumia imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani?

Mwaka 2019 nilitaka mkopo wa 80,000 ninunue ovaloki, mashine ya kupindia kingo za nguo, na cherehani ya umeme. Nashona hapa Mtwapa miaka mingi, hesabu zangu nilizipeleka zote. Afisa wa mikopo akatazama kompyuta, akashusha sauti kama anayeniuliza ugonjwa: "Mama, hili la 2,350 ni lipi?" Nikaruka. Mimi sijawahi kukopa programu yoyote! Nikadai ni wezi wa mtandaoni, nikatoka pale nimevimba.

Nimefika nyumbani, kijana yuko mezani anakula. Nilipotaja tu ile 2,350, kijiko kikasimama. Laini yake nilimsajilia mimi alipoingia kidato cha kwanza, kwa kitambulisho changu, kwa kuwa yeye hakuwa nacho. Akakopa 1,500 anunue viatu vya mpira. Siku ya kulipa ikampita, adhabu zikapanda, naye akaifuta ile programu kwenye simu, akaamini deni nalo limefutika. Ndiyo akili ya miaka 17. Na mimi, mwenye jina, ndiye niliyekuwa CRB, zile kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji.

Nililipa jioni ile ile, lakini mkopo wa ovaloki sikuupata mwaka ule. Wengi hapa hudhani ukilipa leo kesho umesafishwa. Ukilipa, taarifa inabadilika na kusema umelipa, lakini ile habari ya kwamba ulichelewa inaweza kukaa miaka 5 tangu siku ulipomaliza deni. Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza haikuwa kumfundisha kukopa. Mwaka uliofuata alipopata kitambulisho, tulikwenda kuihamisha laini iwe yake, ili jina likichafuka au likisafika liwe lake.

Jambo la pili, mwondolee ile fikra kwamba CRB ni jela. Kenya tuna tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mkopeshaji hapeleki mabaya peke yake. Ukilipa kwa tarehe, hilo nalo linaandikwa, na ndilo mnalolitafuta nyinyi. Mtu asiyekopa kabisa si mbaya machoni pa benki, ila hajulikani. Deni likilala siku 90 bila kulipwa ndipo linahesabika bovu, na tangu 2020 deni lisilofika 1,000 halipelekwi kama baya. Kila Mkenya ana haki ya ripoti moja bure kwa mwaka, basi mwombeeni mkae mezani muisome pamoja. Metropol hutoa alama kutoka 200 hadi 900. Wangu alipoona yake mara ya kwanza aliniuliza, "Hii ni kama mtihani wa KCPE?" Nikamwambia ndiyo, ila hii inasahihishwa kila mwezi.

Sasa mazoezi. Hustler Fund, ule mfuko wa serikali wa kukopesha kwa simu, ilipoanza, 30 Novemba 2022, kijana alikuwa na miaka 20, anasomea uchomeleaji. Mimi si shabiki wa siasa zake, lakini kwa kumfunza mtoto tarehe sijaona kitu cha bei rahisi kama kile. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na unalipa ndani ya siku 14. Ukiomba 1,000 mkononi unapata 950, ile 50 inawekwa akiba kwa jina lako. Riba ya siku 14 kwa elfu moja ni kama shilingi tatu, haifiki hata bei ya andazi. Tulikubaliana akope 500 tu, pesa asiitumie, aiache kwenye simu, na siku ya kumi airudishe. Akaniona mwendawazimu. "Mama, sasa nakopa ya nini?" Unakopa ujifunze kulipa, baba. Akafanya hivyo mara tano hivi, mwisho akawa ananikumbusha yeye. Limiti ilipopanda nikamwambia, hiyo si mshahara, iache huko huko.

Hapo nilijiona nimeshinda. Kumbe nyuma anafuliza, yaani anatumia pesa asiyo nayo kwenye M-Pesa, ailipe baadaye.

Jumamosi moja nimemtumia 3,000 ya chumba. Hajamaliza kufunga mlango, meseji ikaingia, amebakiwa na 1,140. Fuliza ndivyo ilivyo: chochote kinachoingia M-Pesa kinakata deni kwanza, hakijali ni kodi ya nyumba au sadaka. Kuna ada ya asilimia 1 ya kuichukua, halafu kuna ya kila siku deni linapolala. Yeye hakuwa na deni kubwa, alikuwa na deni lisilokwisha. Chipsi, bando, nauli ya tuktuk, kila kimoja kidogo. Hakuchelewa mahali, hakuna aliyempeleka popote, lakini alikuwa anaishi kwa pesa ya wiki ijayo. Sikumgombeza. Nilimpa kalamu ajumlishe ada za mwezi mmoja mwenyewe. Alipomaliza alikaa kimya, halafu akajitoa kwenye Fuliza bila kuambiwa.

Na kalamu hiyo hiyo mpigie hesabu za mikopo ya mwezi. M-Shwari, mkopo mwingine wa M-Pesa, wanachukua ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, bila kuhesabu ushuru. Kwa 2,000 ni 150, inaonekana ndogo. Akopee kila mwezi mwaka mzima, atakuwa ametoa 1,800 kwa ajili ya 2,000 ile ile inayozunguka. Mara moja kwa dharura, sawa. Kuifanya desturi kwa sababu ya "kujenga jina" ni kujilipisha bure.

Kilichomjengea jina hasa ni sacco, chama cha kuweka akiba na kukopa. Aliingia ya watu wa jua kali, akaanza na 500 kwa mwezi, baadaye 1,000. Kama sacco nyingi, unakopa hadi mara tatu ya akiba yako na unahitaji wadhamini. Na hapo pa wadhamini ndipo mtoto anapokomaa, kwa sababu mdhamini akiba yake inafungwa mpaka wewe ulipe. Hutampata mtu wa kukuwekea akiba yake kama kila Ijumaa unamkopa mia mbili hurudishi. Alipotaka 45,000 ya mashine ya kuchomelea, mimi nilikataa kumdhamini. Alininunia wiki mbili, na babake akaniambia nina roho ngumu. Akatafuta wenzake wawili wa karakana, wakaweka sahihi. Mkopo umebakiza miezi minne, hajachelewa hata mara moja. Kuchelewa ni kumwaibisha mtu anayekutana naye kila asubuhi, na hilo limemshika kuliko ningemshika mimi.

Kuna jirani yangu hataki kusikia neno riba, na wanawe ni hivyo hivyo. Wao hutumia benki ya Kiislamu: benki inanunua kitu, inakuuzia kwa bei mliyokubaliana, unalipa kidogo kidogo. Taarifa zake nazo huenda CRB, kwa hiyo jina linajengeka vile vile.

Turudi kwenye pikipiki. Ukiweka sahihi, siku akianguka au akiibiwa, deni ni lako, na jina linaloharibika ni lako na lake kwa pamoja. Mwache aendeshe ya mtu kwanza miezi sita, apeleke hesabu kila jioni, na katika kinachobaki aweke sacco. Hapo utajua mengi kuliko benki. Kama wajomba wana haraka, wadhamini wao.

Na mkienda kuhamisha laini, nenda mwenyewe na kitambulisho chako halisi. Mimi nilibeba nakala, tukarudishwa Mtwapa kwa matatu mbili kuifuata.