Re: Aliyeua apunguziwe shtaka, hiyo ni haki?

Ndugu, umeuliza kama ni haki aliyeua akubaliane na upande wa mashtaka, shtaka la mauaji ligeuke kuua bila kukusudia. Kwangu, ndiyo, ila kwa masharti.

Jirani yetu hapa Kisumu alikuwa shahidi kesi ya namna hiyo. Kila tarehe ikitajwa anafunga kibanda cha omena, anavaa viatu vya kanisani, anakaa kwenye benchi hadi saa sita, kisha anaambiwa kesi imeahirishwa. Mashahidi wawili walihama, mmoja akafariki. Kesi ya hivyo huishia mshtakiwa kuachiliwa, na hapo familia inabaki na nini?

Halafu watu hudhani makubaliano haya ni kumwachilia muuaji. Kuua bila kukusudia bado kunaweza kumpa mtu kifungo cha maisha. Sheria yetu, tangu 2008, haiyaruhusu makubaliano haya kwenye makosa ya kingono wala mauaji ya kimbari.

Kinachonikera ni familia ya marehemu kusikia habari kortini kama wapita njia. Sheria inataka mwathiriwa au mwakilishi wake apewe nafasi ya kusema kabla ya makubaliano kutiwa sahihi. Hapo ndipo ubane.